Kazi zisizopiga simu: jinsi ya kupanga kipi kitangulie ukiwa na biashara ndogo

Nina fremu ya ushonaji Tabata, Dar es Salaam. Vyerehani vinne, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), mafundi watatu, binti wa mapokezi, na mimi mwenyewe ninayekata. Novemba ya mwaka juzi shule moja ya jirani iliniomba profoma ya sare jozi 90, mwisho Ijumaa saa 9 alasiri. Profoma yenyewe ni karatasi moja ya kuonyesha bei kabla ya kupewa kazi, nusu saa imekwisha.

Jumatatu nikasema kesho. Jumanne akaja dada na blauzi ya kitchen party inayombana kwapani, sherehe ni jioni ileile. Jumatano ovaloki ikaanza kukata uzi. Alhamisi simu zilipokezana tangu asubuhi, wote wanauliza "fundi, nguo yangu vipi?" Ijumaa nilishinda nikimalizia nguo za wale wa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata nikaenda na profoma yangu imepigwa muhuri vizuri. Mhasibu alinikaribisha kiti, akanipa maji, akaniambia kazi wameshampa mwingine.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Kila jozi ingeniachia kama 11,000 baada ya kitambaa na vifaa. Mara 90 ni 990,000. Fremu nalipa 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo niliacha kodi ya karibu miezi minne mezani kwa mhasibu. Ile blauzi niliitoza 3,000.

Na ungepita dukani wiki ile ungesema huyu mama anachapa kazi. Kweli nilichapa. Ila kazi zote zilizonila zilikuwa na mdomo: zilipiga simu, zilisimama mlangoni, nyingine zilinuna. Profoma ilikaa kimya kwenye droo. Ndiyo tabu ya biashara ndogo, kwamba kazi zinazoibeba mara nyingi hazina wa kuzisemea isipokuwa wewe mwenye duka, na wewe uko bize na wenye sauti.

Huu ndio utaratibu niliojitengenezea tangu pale. Mifano ni ya ushonaji kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Mwenye saluni, gereji au duka la vipuri atabadilisha majina tu.

Hatua ya 1: Andika wiki moja kama ilivyo

Nunua daftari la bei rahisi. Kwa siku sita, kila unapobadilisha kazi andika saa na unachofanya. Usijirekebishe, usiandike unachotamani ungefanya. "Mali bila daftari hupotea bila habari" tumezoea kuisema kwenye fedha, lakini siku ya mwenye duka nayo hupotea hivyohivyo, jioni umechoka na hujui umechoshwa na nini.

Ukurasa wangu wa Jumanne moja ulikuwa hivi:

Saa 2:50 – nimefungua
Saa 3:05 – simu, gauni la zambarau limefikia wapi (hata sijalikata)
Saa 3:20 – nimeanza kukata mashati sita
Saa 3:35 – mteja wa zipu, nimeacha kukata
Saa 4:10 – nimerudi mezani, sikumbuki kama kola nimeiongezea nafasi ya mshono
Saa 4:30 – simu ya nyumbani, gesi imeisha
Saa 4:45 – fundi anauliza rangi ya uzi
Saa 5:15 – nimetoka kununua vifungo
Saa 6:20 – nimerudi. Mashati mawili tu yamekatwa

Hiyo kola ya saa 4:10 nilikuwa sijaiongezea. Nilikuja kugundua kwenye cherehani, na kitambaa kikishapigwa mkasi hakirudi. Shati lile nililifidia mwenyewe. Bila daftari ningesema siku ilikuwa na mkosi.

Wiki moja inatosha. Ukiandika mwezi mzima utakuwa umejiongezea kazi nyingine ya kukuchelewesha.

Hatua ya 2: Iulize kila kazi, ukilala wiki moja nani anaumia?

Chukua daftari hilo na kalamu ya rangi nyingine. Pembeni mwa kila kazi weka herufi moja.

T ni kazi zenye tarehe ya mtu mwingine, na faini nyuma yake. Hizi hazina mjadala. Kwetu Tanzania, ukiwa na wafanyakazi unaowakata PAYE, yaani kodi ya mshahara, makato yanatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Aliyesajiliwa VAT ana tarehe 20. Kodi ya mapato ya biashara tunailipa kwa awamu nne, na kwa anayefuata mwaka wa kalenda mwisho wake ni Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kuna NSSF ya kila mwezi na leseni ya biashara ya kila mwaka. Ndugu zangu wa Kenya wana tarehe 9 kwa PAYE, tarehe 20 kwa VAT na kodi ya mauzo, na 30 Juni kwa ritani za mwaka. Mimi nimezijaza zote kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu, lakini siku tano kabla ya tarehe yenyewe. Siku ya mwisho kila mtu yuko kwenye mtandao, na mtandao unajua.

A ni ahadi kwa mtu aliyeshalipa, yote au kianzio. Sisi mafundi cherehani tuna jina baya nchi nzima kwa "njoo kesho". Jina hilo tumelipata kwa haki.

K ni kazi za kesho. Hakuna anayezidai leo, lakini mwezi ujao ndizo zitakazokulisha: profoma, kufuata madeni, kupanga bei upya kitambaa kikipanda, kumfundisha fundi kukata, kumpigia mwenye kwaya aliyesema watabadilisha sare mwakani, kuipeleka ovaloki ikapakwe mafuta kabla haijaanza kukata uzi.

S ni sauti. Ina haraka ya aliyeileta na wala haikuumizi ikisubiri. "Fundi, nitumie picha za mitindo." "Nipitie mara moja unipe bei." Na simu za "imefikia wapi", ambazo nyingi zao zinazaliwa na A zilizochelewa.

Ukimaliza hesabu herufi. Mimi K nilikuta tatu wiki nzima. Tatu! Na zote nilizifanya Jumamosi jioni nikiwa nimeshachoka.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya saa, usiamini macho

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo nilipojikuta nimekosea kwa miaka.

Siku zote niliamini magauni ya sherehe ndiyo yananilisha, na marekebisho, yaani zipu na kupunguza suruali, ni usumbufu. Nikachukua kazi za aina tatu nikaandika bei, nikatoa vifaa, kisha nikagawanya kwa saa zote zilizotumika. Zote maana yake zote: na kumsikiliza mteja, na kumjaribisha, na kufumua na kushona tena.

Gauni la send-off, mteja ameleta kitambaa: natoza 70,000. Bitana, zipu, gamu, uzi na shanga 15,000. Zinabaki 55,000. Mazungumzo na vipimo saa 1, kukata saa 1 na nusu, kushona saa 5, kujaribisha mara mbili saa 1, marekebisho saa 2 na nusu. Jumla saa 11. Gauni linanipa 5,000 kwa saa.

Sare ya shule, jozi moja: natoza 25,000. Kitambaa na vifaa 14,000. Zinabaki 11,000. Kwa kuwa nakata nyingi kwa pamoja na hakuna anayebadilisha mawazo kuhusu shingo, jozi inachukua saa 1 na nusu. Ni kama 7,300 kwa saa.

Kubadilisha zipu: natoza 3,000, zipu 500, dakika 20. Ni 7,500 kwa saa.

Niliirudia hesabu mara mbili. Zipu niliyokuwa naidharau ilikuwa inalipa kuliko gauni. Ubaya wake ulikuwa kuingia saa yoyote na kuniondoa kwenye meza ya kukatia. Nilichohitaji ni kuipa saa yake. Sasa mlangoni kuna bango: "Marekebisho hupokelewa siku nzima, hushonwa saa 9 hadi saa 11 jioni." Watu wanaacha nguo, wanaandikiwa karatasi, wanaondoka. Waliokasirika hawakuzidi wawili.

Magauni sikuyaacha, maana mwenye gauni huleta na sare za kamati, shati la mume na nguo za watoto. Nilipandisha bei hadi 90,000 na anayejaribisha mara ya tatu nikamwekea malipo yake. Baadhi wamekwenda kwingine. Waliobaki wanajua wanachotaka.

Fanya hesabu hii kwa bidhaa au huduma zako tatu zinazouza sana. Ukiona jibu limekuja kama ulivyolitarajia, rudia tena, huenda kuna saa umezisahau. Mara nyingi ni zile za kuongea.

Hatua ya 4: Kazi moja ya K kabla ya mlango kufunguliwa

Nafika dukani saa 1 na nusu, nafungua saa 3. Katikati hapo simu iko kwenye droo, haina sauti. Kazi ni moja, niliyoiandika jana yake jioni kwenye karatasi na kuiacha juu ya meza. Ikiwa ni profoma, ni profoma. Ikiwa ni kukata sare, ni kukata. Saa moja na nusu kwa siku sita ni saa 9 kwa wiki, na kabla ya hapo K zangu zote zilikuwa hazifikishi saa 3.

Iandike kama tendo lenye mwisho. "Kushughulikia shule" haitafanyika. "Kuandika profoma ya kaptula 40, kuipiga muhuri, kuikabidhi kwa mhasibu" utajua imefanyika au bado.

Kuna atakayesema mimi asubuhi nina watoto wa kupeleka shule. Haya, tafuta saa nyingine iliyotulia. Jirani yangu wa duka la dawa anatumia saa 8 mchana, jua likiwa kali na barabara haina mtu. Kinachotakiwa ni saa hiyo iwe ileile kila siku, mpaka waliokuzunguka waijue. Fundi wangu mmoja siku hizi ndiye anayewaambia watu "mama yuko kwenye saa yake".

Kwa kazi za mashine ongeza jambo moja: umeme. Nina orodha mbili ubaoni. Moja ni ya kazi za umeme (ovaloki, pasi, kutoboa matundu ya vifungo), nyingine ni za mkono (kukata, kushona vifungo, pindo za mkono, kuandika profoma, kupigia wenye madeni). Umeme ukiwepo mafundi hawagusi orodha ya pili, hata kama ni rahisi. Ukikatika, hakuna anayekaa kwenye benchi kuchezea simu. Zamani tulikuwa tunashona vifungo mchana umeme umewaka, ukikatika saa 10 tunapiga miayo. Na LUKU nanunua Jumatatu ya wiki nzima, nisije nikaikumbuka gizani.

Hatua ya 5: Daftari la ahadi lenye kikomo

Ahadi nyingi tunazivunja siku tunayozitoa. Mteja anauliza "lini?", wewe unaangalia uso wake badala ya kuangalia daftari, unasema Ijumaa.

Hesabu uwezo wako kwa saa. Mafundi wangu watatu, kila mmoja ana saa 7 za kushona kweli kwa siku (kula, kuswali na kutafuta mkasi nimeshatoa), siku sita. Ni saa 126. Natoa robo kwa ajili ya ugonjwa, umeme na makosa. Zinabaki kama 94. Kwenye daftari kila wiki ina ukurasa wake, na kila kazi inayopokelewa inaandikwa na saa zake. Jumla ikifika 94, wiki imejaa. Anayekuja baada ya hapo anapewa wiki inayofuata.

Maneno ya kusema nayo yanataka mazoezi. Mimi husema: "Dada, wiki hii nimejaa. Nikuandike Jumatano ya wiki ijayo, au nikuelekeze kwa fundi mwenzangu hapo mbele?" Bila hadithi ndefu ya kwa nini. Wengi wanachagua Jumatano, na nguo inakuwa tayari Jumanne. Usiongeze "lakini nitajaribu", maana mteja atasikia hiyo peke yake.

Kianzio ni nusu, na bila kianzio jina haliingii daftarini. Ni ukali kidogo, hasa kwa shemeji na majirani. Ila ndiyo njia ya kujua nani ana shughuli kweli na nani anapita.

Misimu ina sheria yake. Ramadhani naacha kupokea nguo za Iddi ikifika tarehe 18 ya mfungo, na hesabu naifunga kwa mfungo wa siku 29. Mwezi ukiandama mapema, wateja wangu wamevaa. Desemba naacha tarehe 12, kwa sababu baada ya Krismasi kuna sare za Januari, na mzazi hawezi kuiambia shule isubiri.

Hatua ya 6: Weka kiwango cha "usiniulize"

Kwenye lile daftari la wiki moja, maswali ya watu wangu ndiyo yaliyonikatiza kuliko wateja. Uzi upi, bei gani, tununue sindano? Nilikuwa nawalaumu. Kumbe mimi ndiye niliyewazoesha, maana kila aliyeamua mwenyewe nilimgombeza.

Nilibandika orodha ya bei ukutani, kazi 22. Binti wa mapokezi anapanga bei zote zilizomo bila kunitafuta. Ana pesa ndogo ya 30,000 kwa wiki, na cha chini ya 10,000 ananunua, anaandika, risiti anaiweka kwenye bahasha. Mwezi wa kwanza alikosea mara mbili, moja akatoza koti bei ya shati. Nikapoteza 6,000. Niliimeza, kwa sababu ningefoka, kesho yake angeanza tena kuuliza kila kitu.

Usiwaachie wengine mapema mno vitu viwili: kuweka bei ya kazi kubwa, na kuongea na mteja aliyeharibiwa nguo. Hayo bado ni yako.

Madeni nimeyapa Jumanne, saa 5 hadi 6. Ujumbe ni mfupi, una kiasi na tarehe: "Habari za leo mama, kumbusho la baki ya 45,000 ya sare za kamati, tulikubaliana tarehe 15. Lipa namba ni ileile." Ukituma siku ileile kila wiki, wanazoea kukutarajia.

Hatua ya 7: Nusu saa ya Jumamosi

Mafundi wakiondoka, nafungua daftari. Naangalia ahadi zipi zimevuka siku yake na kwa nini. Naangalia K ngapi zimekamilika. Kisha naandika K sita za wiki ijayo, moja kila siku, nikianza na ile ninayoikwepa. Ninaijua kwa kuwa imehama ukurasa zaidi ya mara mbili. Kazi iliyohama mara tatu naifanya Jumatatu au naifuta kabisa. Nimeshafuta ya kufungua akaunti ya kuonyesha mitindo mtandaoni. Labda wewe inakufaa, mimi sina muda wa kupiga picha magauni.

Wiki itakayoharibika

Itakuja. Mtoto ataugua, au utapigiwa simu ya msiba usiku na asubuhi uko kwenye basi la Tanga. Juni mwaka huu niliondoka hivyo, siku tano. Usiku ule niliandika mambo matatu tu kwenye karatasi ya binti: nguo nne zilizokuwa na ahadi ya wiki hiyo na nani azimalize, awamu ya kodi ya mwisho wa Juni, namba ya malipo ikiwa imeshatolewa, na mteja mmoja wa kupigiwa kuombwa radhi asogeze siku. Mengine yote yalale. Karatasi hiyo sasa ina nafasi yake ya kudumu, jalada la nyuma la daftari la ahadi, na kila Jumamosi naiandika upya, hata kama hakuna anayeumwa.

Niliporudi nilikuta nguo tatu zimechukuliwa, moja inasubiri vifungo, na kodi imelipwa. Kulikuwa pia na barua ya ile shule. Wanataka profoma ya masweta na kaptula, mwisho Ijumaa. Nimeiandika kesho yake saa 2 asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, na saa 4 nilikuwa kwa mhasibu. Ilikuwa Jumanne.